Muuaji Mwenye Chumba

Kuna swali ambalo ukilitupa mbele ya watu watano waliosoma riwaya ya Tayeb Salih utarudishiwa majibu sita. Swali lenyewe ni hili: Mustafa Said ni nani hasa, na kwa nini aliua?

Riwaya ninayoisema ni ya Kisudani, Mawsim al-Hijra ila al-Shamal, yaani Msimu wa Kuhamia Kaskazini. Ilitoka kwa Kiarabu mwaka 1966, na mwaka 1969 Denys Johnson-Davies akaitia katika Kiingereza. Sisi ambao Kiarabu chetu kiliishia madrasa tuliingilia mlango huo wa Kiingereza. Mwaka 2001 wanafasihi wa Kiarabu waliokaa Damascus waliitaja kuwa riwaya kubwa kuliko zote za Kiarabu katika karne ya ishirini, basi si kitabu cha kuokota njiani. Ndugu msomaji, kama hujakisoma na hupendi kuambiwa mwisho wa hadithi, weka gazeti hili chini, nenda kakitafute, halafu urudi. Mimi nitakuwa hapa hapa.

Kwa kifupi mambo ni hivi. Kijana mmoja, ambaye jina lake hatupewi, anarudi kijijini kwao kwenye kona ya mto Nile baada ya miaka saba Uingereza, alikokwenda kuandika tasnifu ya udaktari juu ya mshairi fulani wa Kiingereza asiyejulikana sana. Anakuta mgeni amehamia kijijini: Mustafa Said, mkulima mpole, ana mke na watoto wawili wa kiume. Usiku mmoja, pombe zikiwa zimepanda, mkulima yule anaanza kughani shairi la Kiingereza la Vita Kuu ya Kwanza kwa lafudhi iliyonyooka. Kumbe! Hapo siri inaanza kufumuka. Alizaliwa Khartoum tarehe 16 Agosti 1898. Akiwa na miaka kumi na miwili alipelekwa Cairo kusoma, kutoka hapo London, na akiwa na miaka ishirini na minne alikuwa mhadhiri wa uchumi. Wanawake watatu waliopita mikononi mwake walijiua: Ann Hammond, Sheila Greenwood na Isabella Seymour. Wa nne, Jean Morris, alimwoa, na usiku mmoja wa Februari akamdunga jambia kitandani. Alishtakiwa Old Bailey, akafungwa miaka saba. (Miaka saba ya jela, na kijana wetu miaka saba ya masomo. Mwandishi hakuokota namba hiyo barabarani.) Alipotoka alitangatanga, akaangukia kijijini, akaoa, akalima, na msimu mmoja wa mafuriko akapotea mtoni. Maiti haikuonekana.

Sasa twende kwenye tafsiri. Nimezisikia nyingi, nyingine vijiweni, nyingine katika vyumba vya semina, na nitazieleza zile tatu zinazorudi kila mara.

Ya kwanza ni ya wapenzi wa saikolojia. Hawa wanaanza na mama. Baba alikufa mtoto hajazaliwa, na mama alikuwa mtu mwenye uso kama kinyago, hacheki halii. Siku mwanawe anaondoka kwenda Cairo hapakuwa na kukumbatiana wala machozi; alimpa fedha na kumwacha aende zake, kama abiria wawili walioshuka kituo kimoja. Mtoto mwenyewe anajisifu kwamba akili yake ilikuwa kama kisu kikali na baridi. Basi wanasema: huyu alikufa moyo akiwa mdogo, hao wanawake wamechelewa tu kuikuta maiti. Kuna ukweli humo. Lakini ninajua watu chungu nzima waliolelewa na mama wasiocheka, na wengi wao ni makarani waaminifu kabisa.

Ya pili ndiyo mama wa tafsiri zote, tafsiri ya ukoloni. Itazame tena ile tarehe ya kuzaliwa. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba 1898, jeshi la Kitchener lilikutana na wafuasi wa Mahdi pale Karari, karibu na Omdurman, na kwa bunduki za Maxim na mizinga likaua Wasudani zaidi ya elfu kumi katika asubuhi moja. Waingereza waliokufa hawakufika hamsini. Mtoto aliyekuja duniani katikati ya moshi ule, wanasema, alikwenda London kulipa kisasi. Kitabu chenyewe kinakubali, au kinajifanya kukubali: Mustafa anajiita mvamizi, anasema habari za wanawake kama jemadari anayehesabu miji aliyoiteka. Chumba chake cha London alikijaza udi, ubani, msandali, manyoya ya mbuni, vioo, na picha za mitende. Mwanamke wa Kizungu akiingia humo alikuta Afrika na Arabuni zote mbili zimemsubiri, pamoja na hadithi za majangwa na wanyama ambazo mwenyeji alizitunga papo hapo, uongo mtupu. Kwa huyu alijiita Hassan, kwa yule Charles, kwa mwingine Amin au Richard.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini, nayo ni tafsiri ya mapenzi na kifo. Jean Morris si swala aliyekamatwa. Yeye ndiye aliyemwinda. Kabla hajakubali chochote alimvunjia chombo cha thamani, akamchania mswada wa kale wa Kiarabu, akamtupia motoni msala wa Isfahan aliokuwa akiupenda, na yeye akakubali vyote hivyo kama bei. Usiku wa jambia, kwa maelezo ya Mustafa mwenyewe, mwanamke aliutaka ule ukali wa chuma, na aliomba waende pamoja. Hapo ndipo wenzangu wananyamaza kidogo na kusema: bwana, hiyo si kesi ya mauaji, ni ahadi ya watu wawili.

Ahadi ambayo mmoja aliitimiza, mwingine akabaki kutusimulia. Na tusisahau kwamba hadithi yote ya Jean tunaipata kutoka kinywani mwa aliyemuua. Katika nchi gani shahidi wa namna hiyo anaaminiwa peke yake?

Zote tatu zina kitu. Lakini zote zinafanya kazi ileile: zinachukua kisu mkononi mwa Mustafa na kukitia mkononi mwa mtu mwingine. Mama ndiye aliyeua. Kitchener ndiye aliyeua. Jean mwenyewe ndiye aliyejiua kwa mkono wa mumewe. Na kitu cha ajabu ni kwamba ndani ya riwaya kuna mtu aliyeitangulia kazi hiyo zamani, tena kwa ujira: wakili.

Profesa Maxwell Foster-Keen alikuwa mwalimu wa Mustafa, na hakumpenda. Alimwona kama ushahidi kwamba kazi yote ya kuwastaarabisha Waafrika ni bure. Lakini mahakamani alimtetea kufa na kupona. Alieleza kwamba mbele ya mahakama haikusimama kesi ya mtu na mkewe, ilisimama kesi ya ustaarabu wa dunia mbili. Mustafa alikuwa roho bora ambayo akili yake ilimeza elimu ya Magharibi na moyo wake ukapasuka. Wale wasichana hawakuuawa na yeye, waliuawa na ugonjwa uliowaingia miaka elfu iliyopita. Hoja nzuri. Tungeiandika sisi kwenye mtihani tungepewa alama za juu.

Na Mustafa, amekaa kizimbani, anafanya nini? Anasikiliza kama vile anazungumziwa mtu wa nyumba ya tatu. Ndani ya kichwa chake anataka kusimama awapigie kelele kwamba haya yote yametungwa, kwamba yeye ndiye aliyewaua, kwamba hapa hakuna Othello wala nini, kuna uongo uliovaa suti, na uongo huo unyongwe uishe. Hapo mimi huwa nafunga kitabu kidogo. Katika ukumbi mzima, kati ya majaji, mawakili, wafiwa na waandishi wa habari, mtu mmoja tu ndiye anayeikataa tafsiri, naye ni muuaji. Kisha hasimami. Hasemi. Ukweli anao, anaukalia, kwa sababu tafsiri ndiyo inayomvua kitanzi shingoni. Anatoka na miaka saba.

Kwa hiyo, mimi ninavyomsoma, Mustafa Said hana nafsi iliyofichika. Siri yake ni kwamba aligundua mapema jinsi watu wanavyopenda siri. Mpe Mwingereza udi na mtende, atakupa jangwa lote bila wewe kulitaja. Mpe mwanachuo mwaka 1898, atakupa historia ya bara zima. Watu hawa wanamjaza wenyewe, yeye kazi yake ni kuwa mtungi.

Tazama alivyomfanyia yule kijana msimulizi. Kabla ya kupotea alimwandikia barua akimkabidhi mke, watoto na mali. Na pamoja na barua, ufunguo wa chumba chake cha faragha, akidokeza kwamba huenda mle ndani atakiona anachokitafuta. Alimjua mtu wake! Chumba kile cha matofali mekundu kilisimama uani kijijini, kimefungwa, hakuna aliyekiingia. Kijana alipokifungua alikuta meko ya kuotea moto ya Kiingereza (kule, katika joto la Sudan), viti vya Kiingereza, na vitabu kutoka sakafuni hadi darini, vyote kwa Kiingereza, hata Kurani. Na humo akakuta daftari lenye jina la kitabu, Maisha Yangu, na tabaruku kwa wale wanaoona kwa jicho moja na kusema kwa ulimi mmoja. Akafungua ukurasa unaofuata. Mweupe. Na unaofuata. Mweupe vilevile.

Wahakiki wamekesha na kurasa zile. Wengine wanasema ni nafsi iliyogawanyika isiyoweza kujiandika. Mimi naona chambo. Mtu aliyeweza kumpa kila mwanamke jina jingine alijua kwamba daftari tupu litajazwa na atakayelikuta, tena kwa wino wake mwenyewe, na bado atamshukuru aliyemwachia.

Ningeishia hapo kama kitabu kingekuwa na muuaji mmoja. Lakini wapo wawili, na huyu wa pili ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Hosna binti Mahmoud ni mjane wa Mustafa, mwanamke wa kama miaka thelathini. Mzee mmoja wa kijiji, Wad Rayyes, anayekaribia kuwa na umri wa babu yake, anamtaka. Mzee huyu ni mcheshi, amezoea kuoa na kuacha, ni rafiki wa babu wa msimulizi, na tunachekeshwa naye kurasa kadhaa kabla hatujajua tunachekea nini. Hosna anakataa. Anamwambia msimulizi waziwazi, bila mafumbo, kwamba wakimlazimisha atamuua mzee na atajiua mwenyewe. Halafu anafanya jambo zito kwa mwanamke wa kijiji kile: anamwendea baba yake msimulizi, anaomba kijana amwoe, angalau kwa jina tu, ili aachwe na wanawe. Watu wakaona hana haya. Kijana, ambaye kwa siri anampenda, amesharudi Khartoum kwenye kazi yake ya serikali. Baba wa Hosna anampiga na kumwozesha. Wiki mbili anakaa na mume yule bila kusema naye neno wala kumkubalia. Kisha usiku mmoja mzee analazimisha, na Hosna anafanya alichosema atafanya. Anamchoma kisu mara nyingi, anamkata pale alipodai haki yake, na kisu kilekile anakirudisha kifuani mwake.

Basi, ndugu msomaji, wakili yuko wapi? Yuko wapi Foster-Keen wa kusimama katikati ya kijiji na kueleza kwamba hii si kesi ya mke na mume? Kijiji kinawazika wote wawili haraka, hakuna matanga, polisi hawaitwi, wanawake wanaambiwa wanyamaze. Mahjoub, rafiki wa msimulizi, mwenyekiti wa mradi wa kilimo, mtu wa maendeleo kabisa, anasema kama si adabu yule mwanamke asingestahili hata kaburi, wangemtupa mtoni. Msimulizi anamkaba koo. Ni mara yake ya kwanza katika kitabu kizima kufanya jambo, nalo limechelewa.

Mtu mmoja tu anatoa tafsiri. Mabrouka, mke mkubwa wa Wad Rayyes. Wanamwamsha usiku kumwambia mumewe ameuawa, naye anasema mzee alilichimba kaburi hilo kwa mikono yake, binti Mahmoud amemlipa stahili yake, Mungu ambariki. Kisha anapiga vigelegele. Katika riwaya iliyojaa maprofesa, wanauchumi na madaktari wa falsafa, uhakiki wa mwanamke huyu asiyesoma ndio pekee usiohamisha kisu. Anakiacha mkononi mwa Hosna, na anasema sababu.

Nini kinafuata? Hapa ndipo Tayeb Salih ananishinda kwa ujanja. Msimulizi, akiwa amejaa uchungu wa Hosna, anakwenda kwenye kile chumba cha Mustafa akikusudia kukichoma. Anawasha taa, anaona uso wa adui kwenye giza, kumbe ni uso wake mwenyewe kwenye kioo. Halafu anakaa. Anasoma barua, anatazama picha, anatusimulia mambo ya Isabella, ya Sheila, na hasa ya Jean Morris, mpaka usiku unakwisha. Hosna ndiye aliyempeleka pale, na mle ndani maneno yote yanakwenda kwa mwingine. Mauaji ya London yanapata sura ndefu yenye mwanga wa moto na theluji dirishani. Mauaji ya kijijini tunayapata kwa bikizee Bint Majzoub, tena mpaka aloweshwe kwa whisky ndipo aseme.

Najua mtu atanijibu: Hosna naye ni ishara. Ni ardhi iliyobakwa, ni Sudan, ni kivuli cha Jean kwa upande wa pili. Nimeisikia hiyo, na wanaoisema si wajinga. Lakini tazama kazi inayofanya. Tumemkuta mtu aliyesema kwa kinywa chake nini atafanya na kwa nini, tukamwambia: subiri dada, wewe ni nchi. Ni ileile tuliyofundishwa shuleni kumfanyia Tumaini wa Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo, kitabu cha 1975. Tumaini anamuua Mkuu wa Wilaya, anahukumiwa kunyongwa, na sisi madarasani tunaandika “tabaka” na kugeuza ukurasa. Damu ya Mkuu wa Wilaya haikumwagika katika jibu la mwanafunzi hata mmoja.

Na nje ya vitabu je? Fungua gazeti lolote la mjini. Mume amemuua mkewe, na chini yake maneno manne tunayoyajua kwa moyo: kisa wivu wa mapenzi. Hicho nacho ni chumba. Kidogo, hakina meko wala Kurani ya Kiingereza, lakini muuaji amejengewa, amewekwa ndani na moyo wake, na sisi wasomaji tunachungulia dirishani kumwonea huruma. Aliyekufa anapewa umri na mtaa aliokuwa akiishi. Siku mwanamke akiua, kichwa cha habari hubadilika, anakuwa “mnyama”, na mnyama hana haja ya chumba.

Sisemi tuache kuwatafuta wauaji ndani. Nani angeandika riwaya basi? Ninachokiuliza ni kwa nini tunapoandika, sisi wa mashairi ya daftarini na hadithi za kupiga chapa usiku, muuaji wetu karibu kila mara ni mwanamume aliyesoma, mpweke, mwenye rafu ya vitabu na utoto mbaya. Ninashuku tunamwandika kwa sababu anafanana na tunavyotamani kuonekana. Mustafa ana vitabu, na sisi tunavitaka. Amefika London. Anazungumza kama tunavyotaka kuzungumza. Msimulizi aliona uso wake kwenye kioo cha chumba kile, na nadhani wasomaji wengi wa umri wetu tumejiona humo pia, tukaita uhakiki.

Hosna hakuacha daftari. Aliacha jambo moja ambalo hunijia mara kwa mara: alipoulizwa na msimulizi kuhusu marehemu mumewe, alisema kwamba usingizini alikuwa akitamka neno ambalo yeye hakulielewa, kitu kama Jina, Jini. Alikuwa akimsikia Jean Morris usiku baada ya usiku, kitanda kimoja, bila kujua ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo aliuawa na mkono uliolala kando yake. Hakuuliza. Au aliuliza, na Tayeb Salih hakutuandikia.

Mimi sasa hivi ninajaribu kuziandika zile wiki mbili katika nyumba ya Wad Rayyes. Mwanamke hasemi. Mzee anakwenda kulalamika kwa wenzake, anarudi. Mabrouka yuko chumba cha pili, anasikia kila kitu na anasonga ugali wake wa mtama. Watoto wawili wako kwa nani, kitabu hakisemi wazi, nimewaweka kwa babu yao. Nimefika siku ya tisa. Kisu bado kiko jikoni, kinakatia vitunguu.